Senpai wa Maman Warda

Ilimchukua Mauwa wiki tatu kumwonea wivu Maman Warda, na mbili kati ya hizo alikuwa likizo.

Aliporudi kazini, mwanzoni mwa Juni, alimkuta jikoni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, kitambaa cheusi kichwani, aproni imepigwa pasi, anakwangua karoti. Yule mwanamke akakausha mikono, akaweka viganja juu ya mapaja, akainama hasa, si kwa kichwa tu bali kwa mgongo mzima.

"Karibu, senpai. Mimi ni Warda. Niliingia wewe uko congé. Naomba unifundishe kazi."

Mauwa akaruka nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kwao Lubumbashi mtu wa rika la mama yako hakuinamii.

"Non, non, maman! Usiniinamie hivi. Mi naweza kuwa mutoto yako."

"Mwache," akasema Désiré, mwosha vyombo, kutoka kwenye masufuria. "Ni sheria ya nyumba. Mimi mwenyewe miaka minne nangojea uniinamie, bado sijaona hata shingo."

Sheria ya nyumba ilikuwa ya Chef Hayakawa, mwenye mgahawa, na mgahawa wenyewe ulikuwa na viti ishirini na viwili, hapo Saint-Gilles, mjini Brussels, kwenye barabara inayoteremka kuelekea Gare du Midi. Aliyeingia kwanza ni senpai, aliyefuata ni kohai. Hakuna kuangalia umri, wala cheti, wala nani ana mkono mtamu. Kinachoangaliwa ni tarehe. Kohai husalimu kwanza, husikiliza, na hafuati akili yake pale alipoambiwa jambo. Senpai naye kazi yake ni kufundisha. Orodha ya majina ilibandikwa kwenye mlango wa friji kubwa, kila jina na siku yake ya kuingia. Hayakawa alikuwa juu. Akafuata Désiré, aliyeapa kuwa hatashika kisu maisha yake yote akaachiwa masufuria yake. Halafu Mauwa. Na sasa, kwa wino ambao bado ulikuwa mbichi, Warda.

Mauwa aliipenda orodha ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Miaka kumi na moja Brussels, hakuna mahali alipowahi kutangulia. Ofisi ya komini, yaani ya manispaa, alikuwa nyuma ya foleni, nyumba za serikali za Anderlecht alikuwa nyuma ya foleni, kanisani viti vya mbele vilikuwa na wenyewe. Sasa kulikuwa na mtu mmoja chini ya jina lake. Binti yake Shekinah, wa miaka kumi na tatu, aliyeyajua maneno hayo yote kutoka kwenye katuni za Kijapani, alipiga kelele sebuleni.

"Maman! Uko na kohai? Wewe ni senpai ya mutu, kweli kweli?"

"Na wewe, mambo ya kazi inakuhusu nini?" Mauwa akamjibu. Lakini siku hiyo alipika kuku.

Furaha hiyo ilidumu kama siku nne. Tatizo ni kwamba kohai alikuwa mzuri mno. Warda alifika kabla ya wote, akasalimu, akafuta meza, akauliza nini kifanyike. Neno senpai alilitamka taratibu, kwa heshima kamili, mpaka Mauwa akaanza kusikia ndani yake kejeli ambayo haikuwemo. Wakishatoka kazini, kwenye kituo cha tramu, Warda alibadilika akawa mzazi. Alimwita "mwanangu," akamuuliza habari za Shekinah, akamtolea sambusa zilizofungwa kwenye karatasi ya foili. Sambusa zilikuwa tamu. Hilo nalo likamkera.

Kisha likaja suala la chakula cha wafanyakazi. Zamani Désiré alikula chochote Mauwa alichopika, akasema "merci," basi. Siku Warda alipopika maharage na ndizi, Désiré alifumba macho, akaimba. Akaimba! Mwanamume wa miaka hamsini na nane, mwiko mkononi, anaimba juu ya maharage.

"Umekunywa?" Mauwa akamuuliza.

"Nimekula, mama. Ni tofauti."

Lakini kilichomchoma hasa ni mchele. Mauwa aliosha mboga mwaka mmoja na miezi minne kabla Chef hajamruhusu kuugusa mchele. Warda alipewa katika mwezi wake wa pili tu. Chef alisimama kando yake, akamtazama anavyousugua kwa kiganja, anavyomwaga maji ya kwanza upesi kabla mchele haujanywa uchafu wake, akasema neno ambalo Mauwa, katika miaka minne, hakuwahi kuambiwa.

"Hii ni mikono inayojua."

"Nilipika pilau za harusi miaka ishirini, Chef," Warda akasema. "Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Watu mia tano, sufuria kama beseni la kuogea."

Chef akacheka kwa sauti. Mauwa, aliyekuwa anakata figili pembeni, akajikata kidole.

Mwezi wa tisa Chef aliwaita wote watatu, akawaambia amepata nafasi kwenye jengo moja la ofisi karibu na metro Schuman. Atafungua kaunta ndogo ghorofa ya chini, ya kuuza bento, yaani chakula cha mchana kilichopangwa kwenye sanduku. Itafunguliwa Januari, na mmoja wao ataiongoza.

"Nani?" Mauwa akauliza, haraka kuliko inavyofaa.

"Nitasema wakati wake."

Tangu hapo Mauwa aliitaka kaunta ile kama mtu anavyotaka kulala baada ya safari. Angekuwa na ufunguo wake. Angefunga saa tisa alasiri, akawa nyumbani Shekinah anaporudi shule, badala ya kumlea kwa simu kutoka jikoni kwa mtu. Angepanga vitu mahali anapotaka yeye. Aliihesabu kuwa yake, mpaka siku aliyotoka stoo amebeba masanduku ya tangawizi, akawakuta Chef na Warda wameinamia mchoro juu ya meza ya chuma. Ulikuwa mchoro wa kaunta. Kidole cha Chef kilikuwa kinaonyesha mahali, Warda anaitikia kwa kichwa, anatabasamu. Walipomwona, Chef akaukunja.

Jioni ile Mauwa alimfuata Désiré mpaka kwenye sinki lake.

"Umeona? Miezi minne tu yeye hapa, na tayari anaonyeshwa mipango."

"Nimeona watu wawili na karatasi."

"Anamupatia Schuman, Désiré."

"Na ile orodha ya kwa mlango?"

"Orodha! Ile ni ya kupamba frigo. Bazungu, Bajapani, bote ni moja. Wanakwambia kila mutu na zamu yake, kisha wanachagua mwenye wanapenda."

Désiré akafunga bomba, akamtazama. "Miaka tisa mimi niko hapa," akasema, "sijaona Chef anaruka jina."

Mauwa hakumsikia. Wivu ulikuwa umeshamweka mbali na sikio lake. Akawa anamwangalia Warda kama mtu anayehesabu makosa ya mwenzake, na makosa hayapatikani. Akajaribu kumpa kazi chafu: kusafisha mtego wa mafuta, kupanga friji la chini. Warda alisema "sawa, senpai," akafanya, akauliza kama kuna nyingine.

Novemba, Jumanne, wateja wa mchana walipokwisha ondoka, Chef alimwita Mauwa stoo. Magunia mapya yalikuwa yamefika, yana kibandiko chekundu.

"Mavuno ya mwaka huu," Chef akasema. "Kesho tunaanza nayo. Unakumbuka? Mchele mpya bado una unyevu, maji yanapunguzwa sehemu moja ya kumi. Mwambie Warda. Kesho tuna masanduku sitini ya kampuni moja kwenye lile jengo la Schuman, saa sita kamili."

"Ndiyo, Chef."

Alikuwa na nia ya kumwambia. Hilo tuliseme, maana ni kweli. Alilala nalo, akaamka nalo. Asubuhi, Chef akiwa amekwenda kuchukua samaki, Mauwa alikuwa anapasha jiko, na Warda akafungua gunia jipya. Akachota konzi, akanusa.

"Senpai."

"Nini tena?"

"Mchele huu ni mpya. Unanuka shamba kabisa. Maji ni ileile?"

Jibu lilikuwa limeshafika ulimini. Lilikuwa neno moja: punguza. Lakini Mauwa aliuangalia ule mkono uliochota mchele, mnene, wenye pete nyembamba ya fedha, ule mkono unaojua, na akauona umeshika ufunguo wa Schuman.

"Ileile," akasema.

Warda hakuondoka. "Ileile kabisa? Maana kwetu mchele mpya…"

"Maman Warda, hapa si Buyenzi. Nimesema ileile."

"Sawa, senpai."

Nyuma yao bomba la Désiré lilinyamaza kidogo, kisha likaendelea.

Saa nne na nusu sufuria kubwa lilifunuliwa. Wali ulikuwa bokoboko. Mwiko ulisimama wenyewe katikati. Warda akautazama, na wakati huohuo Chef akaingia na kreti ya samaki. Akaiweka chini, akachukua punje moja, akaiminya kati ya vidole viwili. Ikapakaa kama gundi.

"Mauwa. Ulimwambia?"

Mauwa akafungua mdomo. Hakujua ni nini kingetoka, na mpaka leo hajui, kwa sababu Warda alimtangulia.

"Aliniambia, Chef. Nimesahau mimi."

Kwa muda wa pumzi moja Mauwa alifurahi. Hatuwezi kuficha. Aliiona hasira ya Chef ikielekea kule alikotaka iende tangu mwezi wa tisa. Ila Chef hakumgeukia Warda hata kwa jicho. Alibaki kumwangalia yeye.

"Kama amesahau, hukumwambia vizuri. Jambo linasemwa mpaka mikono inalishika. Yeye ana miezi sita hapa, wewe una miaka minne. Mchele huu ni wa nani?"

Mauwa akautazama mwiko uliosimama sufuriani.

"Ni wako," Chef akasema. "Kosa la kohai ni la senpai wake. Warda, osha mwingine. Mauwa, badili nguo. Tutapeleka pamoja, tukaombe radhi."

Masanduku sitini yalifika Schuman yamechelewa dakika arobaini na tano. Mwanamke aliyewapokea, Mjapani aliyevaa suti ya kijivu, alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa baridi kama marumaru ya ule ukumbi. Mauwa alijipanga kuaibishwa. Alitegemea Chef atamnyooshea kidole, aseme huyu ndiye. Badala yake mzee wa miaka sitini na sita, mwenye goti bovu, alipiga hatua akasimama mbele yake, akainama mpaka mgongo ukawa meza. Akasema kwa Kijapani, kisha kwa Kifaransa ili na Mauwa asikie:

"Kosa ni langu. Huyu nimemfundisha mimi."

Mauwa akainama nyuma yake. Alichokiona ni visigino vya viatu vya Chef, vilivyolika upande mmoja, vikitetemeka kidogo kwa sababu ya goti. Walikaa hivyo muda mrefu. Watu wenye beji shingoni waliwapita wakielekea lifti, wakawaangalia kama wanavyoangaliwa watu waliopoteza kitu sakafuni.

Ndani ya gari, kabla ya kuwasha moto, Chef akamwuliza, "Umeiona ile kona iliyozibwa kwa mbao, karibu na lifti?"

"Nimeiona."

"Ndiyo kaunta yako."

Mauwa akageuka. "Yangu?"

"Ya nani, basi? Wewe uliingia kwanza."

"Lakini mchoro… ulimwonyesha Warda mchoro."

"Nilimwonyesha atakaposimama. Kushoto kwako, nyuma kidogo, kwenye mchele. Unafikiri kwa nini nilimpa mchele mapema? Wewe nilikuwa na muda wa kukungoja. Yeye nilimharakisha ili Januari uwe na mtu. Kiongozi asiye na kohai hodari ni kama mtu anayepandisha kabati ngazini peke yake." Akawasha gari. "Nilimkataza asikwambie. Nilitaka kusema mwenyewe, mwisho wa mwaka, kwa utaratibu."

Gari likaingia kwenye foleni. Mauwa alitazama majengo ya vioo na walinzi wao milangoni, akangoja furaha ije. Haikuja. Kilichokuja ni kuhesabu. Tangu mwezi wa tisa Warda alijua kuwa atakuwa chini yake, akatabasamu. Leo asubuhi aliuliza akijua. Kisha mbele ya Chef akajitwika mzigo usio wake. Mwanamke yule alikuwa amemshinda hata kwenye uongo, na Mauwa, katikati ya aibu yake, akajikuta anamwonea wivu upya, na safari hii kwa sababu nzuri.

Alimkuta Warda uani, amekaa juu ya kreti ya mboga, anapumzisha miguu.

"Maman Warda. Juu ya nini ulisema nilikuambia?"

"Mbele ya mkubwa, kohai hamwaibishi senpai wake. Si ndivyo ilivyo? Nilifundishwa siku ya kwanza."

"Ulijua kama maji ilikuwa mingi."

"Mwanangu, mimi nimepika mchele tangu hujazaliwa. Nilijua. Ndiyo maana niliuliza mara mbili."

"Sasa juu ya nini ulitia?"

"Kwa sababu ulisema." Warda akaipangusa aproni iliyokuwa safi. "Nikajiambia, labda mchele wa hawa watu una mambo yake, na huyu ana miaka minne hapa. Nikauamini mdomo wako, nikauacha mkono wangu. Umenipa somo."

Maneno hayo aliyasema bila kupandisha sauti. Mauwa angependelea kofi.

"Nisamehe, maman."

"Nimekusamehe. Tangu ulipokuwa ndani ya gari nimekusamehe, nisingeweza kuosha mchele mwingine na moyo mchafu."

"Chef amenipa Schuman. Anataka twende wote wawili."

"Najua. Nilishamwambia mume wangu, Januari nakwenda sehemu nzuri na senpai mwenye akili." Akatikisa kichwa. "Sitakwenda na wewe, Mauwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina ndani ya uzio wa kazi.

"Umesema umenisamehe!"

"Ndiyo, nimekusamehe. Lakini kupika nikiangalia nyuma siwezi. Nikuulize jambo, unijibu, kisha niende nikamuulize Désiré kama ni kweli? Nitazeeka upesi."

"Chef atauliza sababu."

"Atauliza. Mimi leo nimesema uongo mmoja, kwa ajili yako, na dini yangu hainiruhusu hata huo. Wa pili utasema wewe, ama utasema kweli. Lolote utakalosema, mimi nitalisikia pamoja na wengine."

Akainuka, akaingia ndani.

Mauwa alibaki uani dakika kadhaa. Uongo haukuwa mgumu. Angesema Warda anaumwa magoti, Schuman ni mbali na kwake, amependelea kubaki. Chef angeamini. Angemtafutia kohai mwingine, na Januari ufunguo ungekuwa mfukoni mwake. Aliupanga uongo huo kichwani, ukakaa vizuri, hauna hata mkunjo.

Kilichomrudisha jikoni hakikuwa wema. Tuwe wakweli. Alifikiria kila asubuhi akifungua kaunta ile akijua kuwa ameipata kwa fadhila ya Warda, kwamba kuna mwanamke Saint-Gilles anayeosha mchele wake kwa amani huku akijua. Afadhali akose kaunta kuliko kudaiwa fadhila hiyo na yule mama maisha yote.

Chef alikuwa ananoa kisu.

"Chef, Warda hakusahau. Aliniuliza."

Kisu kikasimama juu ya jiwe. "Aliuliza nini?"

"Kama maji ni yaleyale. Mara mbili. Nilimwambia ndiyo."

"Ulikuwa umesahau wewe?"

"Hapana. Nilikuwa nakumbuka."

Désiré alifunga bomba kabisa. Hakuna aliyemwambia aendelee.

Chef aliosha kisu, akakikausha, akakirudisha kwenye ala yake, na yote hayo aliyafanya polepole mno. Mauwa alikuwa na wakati wa kusoma orodha ya kwenye friji mara mbili.

"Kusahau kufundisha ni kosa lako na langu," Chef akasema mwishoni. "Niliinama leo kwa ajili hiyo. Kufundisha uongo ni kosa lako peke yako. Kwa hilo sikuinama."

"Ndiyo, Chef."

"Tarehe yako siwezi kuibadilisha. Uliingia kabla yake na utabaki senpai wake, hata awe na kaunta kumi. Lakini Schuman naweza kuibadilisha. Atakwenda Warda."

Ilimwingia kama kipande cha barafu kimezwacho kizima. Alijua kitakuja, na bado hakuwa tayari. Aliuona mlango wa nyumbani, Shekinah akiufungua mwenyewe saa kumi, peke yake, mwaka mwingine tena.

"Ila hajui mayai," Chef akaendelea. "Kila sanduku linahitaji yai la kukunja, na lako ni zuri kuliko langu. Una wiki saba. Utamfundisha."

"Mimi?"

"Senpai wake mwingine ni nani? Désiré?"

"Mimi mayai nayajua upande wa kula," Désiré akasema.

Hakuna aliyecheka, ingawa Warda alijifuta mdomo kwa ncha ya kitambaa.

Walianza Jumatatu iliyofuata. Yai la kukunja hupikwa kwenye kikaango cha pembe nne: unamimina utando mwembamba, unauviringisha kabla haujakauka, unaupaka mafuta, unamimina mwingine chini yake, unaviringisha tena, mpaka linakuwa kama godoro lililokunjwa. Siri yake iko kwenye kiwiko cha mkono na kwenye moto. Mauwa alitumia miezi mitano kuijua, na vikaango viwili.

Siku ya kwanza Warda alichana mayai sita. Siku ya pili saba. Mikono iliyopikia watu mia tano ilikuwa mizito kwenye kikaango kidogo kama kile. Mauwa alimwonyesha kila kitu, jinsi ya kukishika, jinsi ya kukivuta nyuma kwa ghafla, na kila yai lilipochanika alihisi utamu mdogo chini ya mbavu. Hakujilaumu sana. Alikuwa anatimiza kazi yake, na utamu huo haukuwa unamzuia mtu.

"Hili nalo limekufa," Warda alisema, akimpelekea Désiré lililochanika.

"Leteni, leteni," Désiré akasema. "Mimi ndiye makaburi."

Siku ya nne ikawa tofauti. Utando wa kwanza ukaviringika. Wa pili ukaviringika. Warda alishusha pumzi, akamimina wa tatu, na Mauwa, aliyesimama begani kwake, akaona pembezoni pa kikaango mafuta yanaanza kutoa moshi. Moto ulikuwa mkubwa. Warda hakuuona, macho yake yote yalikuwa kwenye yai. Hakuuliza. Safari hii hakukuwa hata na swali la kujibu. Ingetosha kutosema kitu, na yai lingeungua lenyewe, na hakuna ambaye angejua, wala Chef wala Désiré.

Wivu ulikuwepo palepale, mzima, haujapungua hata robo. Ulikuwa unangoja.

"Punguza moto," Mauwa akasema. Warda akachelewa, na Mauwa akanyoosha mkono akaugeuza mwenyewe. "Hapa. Ukiona inatoa moshi, umechelewa. Angalia pembeni, usiangalie yai."

"Niangalie pembeni," Warda akarudia.

"Yai haiendi popote. Moto ndio unakimbia."

Warda akaangalia pembeni. Utando wa tatu ukaviringika, na wa nne, na wa tano. Akaligeuza yai juu ya ubao, likakaa, la manjano, halina doa. Alipolikata, kila tabaka lilionekana. Akaweka kipande cha kwanza kwenye sahani, akamkabidhi Mauwa kwa mikono miwili.

Mauwa alikula amesimama. Lilikuwa laini kuliko lake. Si sana, ila lilikuwa. Alitafuna mpaka mwisho akitafuta kasoro, hata ya chumvi, na hakuipata.

"Bon," akasema, akaweka sahani. "Kesho utafanya kumi."

"Sawa."

"Na chukua kikaango changu, kile cha kwako ni kizito juu ya mukono yako."

Kesho yake Mauwa alipanda tramu ya mapema zaidi. Alifika jikoni saa mbili kasoro robo, kabla ya Warda, akavua koti, akavunja mayai, na kabla mtu mwingine hajaingia alikuwa ameshakunja manne.